Sindano ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Msimu wa majaribio umefunguliwa leo, na paa la chumba cha vipimo limeanza kuvuja leoleo, utadhani waliahidiana. Nimeweka ndoo mbili na beseni. Kaimu alipita akaviangalia, akasema, "Dada, vipimo vya mvua hatukuomba." Watu wakacheka. Tunamwita Kaimu kwa sababu amekaimu ukuu wa kitengo mwaka wa nane huu. Siku akithibitishwa sijui tutamwita nani.

Daftari la kazi linataka namba tu: namba ya pigo, saa, volti, sahihi. Hili nimelinunua kwa ajili ya yale yasiyo na namba. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kuandika shajara. Ila siku hizi mtu niliye naye nyumbani anakohoa kuliko anavyoongea, na mimi nisipoongea napasuka.

Basi niandike kama ninayemweleza mgeni. Tuna mtambo wenye umbo la tairi la gari. Ndani yake tunachemsha gesi mpaka chembe zake zinaachana, joto lake mamilioni ya nyuzi, na hakuna chombo duniani cha kulishika isipokuwa sumaku. Hiyo ndiyo plazma. Tunaiwasha kwa sekunde mbili inazimika; kila uwashaji tunauita pigo. Wakubwa wanatumaini kwamba siku moja joto hilo litawasha taa za watu. Mimi kazi yangu ni ukingoni, pale plazma inapokaribia ukuta. Pale haitulii hata kidogo. Inachafuka kama sufuria inayotokota, inarusha mabonge, na mabonge yakifika ukutani yanaula. Ninapima yanakwenda wapi na kwa kasi gani.

Mapigo ya leo manane. Yaliyofaa, hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mapigo sita, yote yamekufa kabla ya sekunde moja. Beseni limejaa.

Ijumaa, 7 Machi

Baba mdogo ameniuliza tena leo, "Kijiti changu hakijambo?" Anauliza kama anayeulizia mjukuu. Nikamwambia hakijambo, kinakusalimia. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi nimfungulie mtungi wa oksijeni.

Kijiti ndicho chombo changu. Kinaingia kutoka chini ya mtambo, kinachomeka kwenye ukingo wa plazma kwa sehemu ya kumi ya sekunde na kurudi kabla hakijayeyuka. Kichwa chake kina ukubwa wa kidole gumba, na juu yake zimejipanga sindano tano kwa mstari. Ile ya katikati inahesabu wingi wa chembe. Za kushoto na kulia zinalinganisha volti, na kwa tofauti yao najua bonge linakwenda nje kuelekea ukutani au linarudi ndani.

Kichwa kile Baba mdogo alikichonga mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Kilikuwa kipande chake cha mwisho kabla ya kustaafu. Miaka arobaini alisimama kwenye karakana ya mtambo ule, na hakuna kipande chake hata kimoja kilichowahi kurudishwa. Baba yangu alipofariki nikiwa na miaka tisa, ni yeye, mdogo wake, aliyenichukua. Vidole vyangu vilijifunza kushika kalipa, kile kipimo cha mafundi, kabla havijajifunza kusuka nywele. Kazi hii nayo aliniombea yeye.

Vijana wa karakana wamemwandalia jambo. Siku ya kufunga msimu, jina lake litawekwa juu ya mlango wa karakana. Kibao cha shaba kimeshachongwa. Anajifanya hajui, lakini juzi nilimkuta amelitoa lile koti lake la mikutano, analipiga brashi akiwa amekaa kitandani.

Jumanne, 11 Machi

Pigo zuri la kwanza! Sekunde mbili kamili, kijiti kimeingia na kutoka salama.

Mama Michoro, anayegeuza namba zangu kuwa picha, alikaa mbele ya kioo cha kompyuta yake muda mrefu kisha akaniita. "Mwenzangu, hebu njoo. Yanarudi ndani."

Yanarudi ndani. Nikamwambia arudie hesabu.

Jumatano, 12 Machi

Amerudia. Yanarudi ndani. Mapigo saba.

Alhamisi, 13 Machi

Ndani. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Ijumaa, 14 Machi

Nieleze kwa nini hatulali. Mabonge kwa kawaida yanakwenda nje. Miaka mitatu iliyopita tuliugeuza uelekeo wa sumaku ya mtambo, na mara tukaona mabonge yanarudi ndani. Maajabu! Tukaandika, tukasafiri, tukapigiwa makofi. Tulisema: geuza sumaku, ukuta utapona. Wajenzi wa mtambo mpya mkubwa wametuamini wakachora ukuta mwembamba. Kitengo chetu kimeahidiwa kazi yote ya vipimo vya ukingo huko, na mimi nikiongoze.

Msimu huu tumeirudisha sumaku kama zamani. Mabonge yalipaswa kurudi kwenye tabia yao na kwenda nje. Hayaendi.

Kaimu anasema ni fizikia mpya. Kila tusichokielewa kwake ni fizikia mpya.

Jumatano, 19 Machi

Mama Michoro alikuwa anakula chakula chake cha mchana kwenye meza yangu, kwa kuwa yake inadondokewa. Akaacha kutafuna.

"Ule mwezi tulioigeuza sumaku," akasema, "si ndio mwezi tuliobadilisha kichwa cha kijiti?"

Nikasema ndiyo.

"Basi tulibadilisha vitu viwili kwa mpigo, shoga yangu. Tukaisifu sumaku. Kichwa hakuna aliyekiuliza."

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa: badilisha kitu kimoja, kimoja tu, ndipo upime. Sisi tulio na vyeti ukutani tulibadilisha viwili, na kwa kuwa jibu lilikuwa tamu hatukuuliza. Mama Michoro alifunika chakula chake bila kukimaliza. 

Alhamisi, 20 Machi

Nimekitoa kichwa. Kijiti kina mlango wake, kwa hiyo hatuhitaji kuufungua mtambo wenyewe. Nilikuwa peke yangu mezani na kile kipimo kinacholia waya ukiwa mzima. Nikagusa sindano namba moja, nikatafuta waya wake. Kilikaa kimya kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kikalia kwenye wa tano.

Niandike taratibu, maana hapa ndipo nilipo.

Baba mdogo alichonga namba nyuma ya kila sindano, moja mpaka tano, ndogo kama siafu. Alizichonga sawasawa na mchoro. Mchoro niliuchora mimi, na juu yake niliandika kwa mkono wangu: *mtazamo wa mbele*. Maana yake moja iko kushoto kwa anayekitazama kichwa usoni. Lakini nyaya zinafungwa kwa nyuma, na kushoto kwa anayekutazama usoni ni kulia kwa aliye nyuma yako. Kichwa cha zamani hakikuwa na namba. Tulihesabu kutoka kushoto tukiwa tumekishika kwa nyuma. Nilikifunga hivyo kwa miaka kumi. Kichwa kipya kilipokuja, mkono ulikwenda wenyewe. Sikuziangalia namba. Zilikuwa pale, Baba mdogo amezichonga akiwa amekaza macho yaliyokwisha kuanza kufifia, na mimi sikuinama hata mara moja kuzisoma.

Ningependa kuandika kwamba siku ile nilikuwa naumwa, au nilikuwa na msiba. Sikuwa na lolote. Nilikuwa nimezoea tu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Kaimu. Alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha, na hapo nikajua mambo ni mazito.

"Funga mlango," akasema. "Nani mwingine anajua?"

"Mama Michoro anajua tatizo liko kwenye kichwa. Hajui kama ni nyaya."

"Nyaya umeshazitoa?"

"Nimezitoa nikizikagua."

Akasimama, akaangalia mvua dirishani. "Sikiliza, dada yangu. Matokeo tunayafuta yote, hilo halina mjadala. Wajenzi wa mtambo mpya nawaandikia leo, ukuta wao waunenepeshe. Sayansi itanyooka. Kilichobaki ni kosa kupewa mwenyewe. Likiwa la karakana, ni bahati mbaya, hutokea. Likiwa letu, maana yake miaka mitatu kitengo kizima hakikuwahi kukagua nyaya zake. Ile kazi ya ukingo watapewa wengine, na sisi kumi na mmoja tukauze vocha barabarani."

"Karakana ni Baba mdogo."

"Najua ni nani." Akageuka. "Mzee ameshastaafu. Pensheni yake haiguswi na mtu. Ripoti yenyewe haitafika kitandani kwake. Tunaandika namba zilichongwa kinyume cha mchoro, wewe ukafuata namba. Sentensi moja."

"Mchoro upo kwenye faili. Umeandikwa mbele, kwa mwandiko wangu."

"Kauangalie vizuri," akasema kwa upole kabisa. "Makaratasi ya siku nyingi yale. Huenda haupo."

Nilikuwa namwona Kaimu mcheshi. Leo nimeona ni mtu aliyeogopa miaka minane mfululizo, na mcheko ndio mwavuli wake. Sikumchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Nilitoka mle ndani bila kusema ndiyo wala hapana, na nikajidanganya kwamba kutosema ni kukataa.

Jumatatu, 24 Machi

Mchoro haupo kwenye faili. Upo kwenye mkoba wangu.

Nimesaini.

Jumanne, 25 Machi

"Kijiti changu hakijambo?"

"Hakijambo, Baba mdogo."

Jumatano, 2 Aprili

Kichwa kipya kimefungwa. Kimechongwa na msimamizi wa karakana wa sasa, yule tunayemwita Nusumili, kwa kuwa kwake kukosea nusu milimita ni dhambi ya kufungia saumu. Alikuwa mwanagenzi wa Baba mdogo. Nimezisoma namba kwa miwani mara tatu, nimefunga nyaya huku namwita Mama Michoro ashuhudie.

Pigo la kwanza: mabonge yanakwenda nje, kama yanavyokwenda kwenye mitambo yote ya watu wenye akili. Chumba kizima kilipumua. Kaimu alipiga makofi.

Mama Michoro hakupiga. "Ripoti inasema ulifuata namba," akaniambia taratibu. "Lakini leo nimekuona unavyozisoma, mwenzangu. Kama mtu anayeziona mara ya kwanza." Nikamtazama. "Ah, basi," akasema. "Haya, tuendelee."

Alhamisi, 3 Aprili

Mapigo kumi na moja. Data nzuri kuliko zote maishani mwangu. Sina raha nayo.

Jumatano, 9 Aprili

Tangazo limebandikwa karibu na birika la chai. Shughuli ya kuweka jina juu ya mlango wa karakana imeahirishwa *kwa sasa*, kufuatia ripoti ya hitilafu. Kwa sasa. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini, naijua maana ya kwa sasa.

Nilipita karakana. Kibao kimeegemezwa nyuma ya mashine, uso umeelekea ukutani. Nilipoingia vijana wakanivutia kiti. Walidhani wananionea huruma.

Kaimu alisema haitafika kitandani. Nami nilikuwa nimekubali kuamini, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, haukulemei.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Koti bado limetundikwa mlangoni. Nilitaka kulirudisha kabatini akanikataza.

Jumamosi, 12 Aprili

Nusumili amekuja nyumbani.

Alikuja na matunda kwenye mfuko, ameloa, akavua viatu mlangoni. "Shikamoo, Mzee." Baba mdogo akaitikia marahaba, akajivuta akae vizuri, uso umemchangamka. Alidhani amekuja kumwambia habari za kibao. Mimi nilikwenda jikoni kupika chai. Jikoni na chumba chake vimetenganishwa na pazia tu.

Waliongea habari za mashine mpya, za kijana mmoja aliyekata kidole, za bei ya chuma. Kisha nikasikia kitu kigumu kimewekwa mezani.

"Mzee, samahani. Hiki walikuwa wanakitupa. Nikakiokota."

Kilikuwa kile kichwa.

Nilichungulia. Baba mdogo haoni tena vitu vidogo, lakini alikishika, akakipitisha kidole gumba kwa nyuma, namba moja baada ya nyingine. Alikuwa anatabasamu. "Kazi yangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Wameandika kwamba namba umezichonga kinyume cha mchoro. Matokeo ya miaka mitatu yamefutwa. Na ile shughuli... wameiahirisha." Akasogea karibu na kitanda. "Mimi sijaamini. Nimeutafuta mchoro, haupo. Nimekuja kukuuliza wewe, hilo neno lako ndilo nitakalolifuata, nitapigana nao. Mchoro ulisema namba zihesabiwe kwa mbele au kwa nyuma?"

Nilikuwa nimeshatoka na trei. Nilisimama kwenye pazia. Vikombe vitatu, birika, sukari.

Baba mdogo aligeuza uso kuja upande wangu. Sijui aliona nini, labda umbo tu. Akaanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, ameinama, mkono mmoja juu ya kile kichwa, na Nusumili akamshika mgongo, na mimi nikasimama pale na trei. Kikohozi kikaisha. Nikausikia mtungi wa oksijeni unavyonong'ona. Nilikuwa na neno moja mdomoni, neno lenye herufi tano. Halikutoka.

"Nyuma," Baba mdogo akasema. "Mchoro ulisema nyuma. Mimi nikachonga mbele. Nilikosea."

"Mzee..."

"Nilikosea, mwanangu. Macho yalikuwa yameanza. Waambie vijana nimesema hivyo mwenyewe, wasigombane na mtu." Akamrudishia kichwa. "Binti, lete chai, mgeni ameloa."

Nikamimina chai. Nikamwuliza mgeni vijiko vingapi vya sukari, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Jumapili, 13 Aprili

Koti amelirudisha kabatini mwenyewe. Sijui alifikaje.

Jumatatu, 14 Aprili

Mapigo tisa. Nje. Yote nje.

Jumatano, 16 Aprili

Hajaulizia kijiti tangu Jumamosi.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nimesema. Nilisubiri amalize dawa za asubuhi, nikakaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda kama nilivyokuwa nakaa utotoni akinifundisha hesabu, nikautoa mchoro mkobani, nikamwekea mkononi.

"Baba mdogo, mchoro ulisema mbele."

"Najua," akasema. "Si mimi niliyeusoma?"

Nikalia. Sijalia hivyo tangu nina miaka tisa. Nikamweleza yote: nyaya, Kaimu, sahihi, kazi za watu kumi na mmoja. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama zile namba zilisomeka vizuri. Nikasema zilisomeka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kesho nakwenda kusema," nikamwambia. "Kwa Nusumili, kwa vijana, kwa mkurugenzi. Wanifukuze."

Alivuta pumzi mara kadhaa kwanza. Siku hizi kila sentensi anaipangia pumzi zake.

"Hutasema," akasema. "Nimeshawaambia vijana wangu kwamba nilikosea. Kwa mdomo wangu, kitandani kwangu. Ukienda kesho, watajua niliwadanganya. Kosa nitalibeba, binti, si zito sana. Hakuna fundi asiyekosea. Lakini mbele ya watu niliowafundisha mimi, kuonekana mwongo siwezi. Ulikuwa na nafasi yako ya kusema. Ulikuwa umesimama hapo kwenye pazia, umeshika trei."

"Mbona ulimjibu vile, Baba mdogo? Mbona hukusema kweli?"

"Nilikuwa nangoja uniwahi," akasema. "Kile kikohozi nilikivuta makusudi. Nilikivuta mpaka kifua kikauma, nikupe muda."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikilaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda chake. Aliuweka mkono wake nywelani mwangu, akauacha hapo, na mkono ule ulikuwa mwepesi mno. Mchoro aliukunja akautia mfukoni mwa shati lake, na sijamwuliza tena.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda kazini. Sikusema.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefika mpaka mlango wa karakana. Nusumili akasema, "Karibu, dada, Mzee anaendeleaje?" Nikasema hivyohivyo. Akasema, "Mwambie tunamheshimu zaidi kuliko zamani." Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua imefika. Vipimo vya ukingo vya mtambo mpya ni vyetu. Kaimu alinikumbatia mbele za watu, macho yamemlowa kweli, akasema, "Kumi na moja, dada. Familia kumi na moja." Si mwongo katika hilo. Mama Michoro ameomba kubaki hapa. Anasema amechoka kuhama. Hakunitazama alipokuwa anasema.

Jumatano, 30 Aprili

Hospitali. Wodi ya tatu, kitanda karibu na dirisha.

Ijumaa, 2 Mei

Leo ameuliza. "Kijiti changu hakijambo?" Nikamwambia hakijambo. Huenda alikuwa amesahau kwamba kilitupwa. Au ananionea huruma. Sijui lipi linauma zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Baba mdogo amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kununua maji.

Alhamisi, 8 Mei

Tumemzika. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyotosha kumfukuza mtu wala kumwacha mkavu. Karakana yote ilikuja, walifunga mashine. Walimbeba wao. Kitengo chetu nacho kilikuja, Kaimu amevaa tai nyeusi, Mama Michoro amesimama nyuma ya watu.

Nusumili alipewa nafasi ya kuongea kwa niaba ya kazini. Hakuwa na karatasi. Ni mtu asiyependa maneno mengi, na alisimama kwanza akishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimekuwa chini ya Mzee miaka kumi na tisa," akasema. "Vipande alivyotoa ni zaidi ya elfu nne, nimevihesabu kwenye daftari. Kilichorudi ni kimoja. Kimoja tu. Na hicho kimoja, nilikwenda kumwuliza akiwa kitandani, hawezi hata kupumua. Mchoro ulikuwa umepotea. Angeweza kuusingizia, nani angejua? Angeweza kumsingizia aliyeuchora. Hakumsingizia mtu. Aliniambia, nilikosea. Nikamwona siku ile ni mkubwa kuliko siku zote nilizomwona amesimama kwenye mashine." Akafuta uso. "Nawauliza ndugu zangu. Nani kati yetu hapa angekiri vile?"

Nilidhani ni swali la kupamba maneno. Lakini alikuwa anangoja kweli, anatupitia mmoja mmoja kwa macho. Kaimu aliangalia viatu vyake. Mama Michoro aliniangalia mimi.

"Nani?" akarudia.

Mwishowe Nusumili akavaa kofia yake, akasema sasa tusikie neno la familia. Familia ni mimi. Nikasogea mbele. Niliwashukuru wote kwa kuja na mvua ile, nikasema Baba mdogo angefurahi kuwaona, nikarudi mahali pangu.